Jiko Kuwaka Si Ushahidi: Mazungumzo na Wakazi wa Fleti za Zamani

(Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya wakazi wa majengo ya zamani. Nayaweka yote, kama yalivyosemwa, kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Ndugu zangu wakazi, mama zangu, baba zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja. Mimi ni fundi umeme. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kufungua kuta za nyumba kongwe na kutazama kilichofichwa humo.

Kabla sijaenda mbali, napitisha kitu hiki. Kishikeni tu, hakina umeme. Ni konekta, kile kipande cha plastiki chenye matundu na skrubu ambacho hukutanisha waya mmoja na mwenzake. Kilikuwa cheupe. Tazameni tundu la kwanza: skrubu bado inang'aa. Sasa tazameni la pili. Skrubu ni nyeusi, plastiki imeyeyuka ikamng'ang'ania waya, na ile shaba iliyokuwa nyekundu imegeuka rangi ya kutu iliyoungua. Nilikitoa nyuma ya jiko la umeme lililokuwa limepika vizuri asubuhi ya siku ileile.

Nawauliza: jiko lile lilikuwa linafanya kazi? Lilikuwa linafanya kazi. Siku lilipofungwa liliwaka? Liliwaka. Fundi alilipwa, akashukuriwa, akaenda zake. Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa mambo mawili. Jiko likipata umeme, tunasema limewaka. Nyumba ikishika moto, tunasema imewaka. Nimeona kazi moja ya mkono mmoja ikileta la kwanza, na miezi minane baadaye ikikaribia kuleta la pili. Ndiyo maana leo nitalirudia jambo moja mpaka mnichoke: jiko kuwaka si ushahidi kwamba limefungwa vizuri.

Tuanze na mzigo.

Watu huniambia, "Fundi, hili ni jiko tu, lina tofauti gani na friji?" Nenda kalifungue mlango wa oveni, utazame kwenye fremu, au uangalie mgongoni. Kuna kibao kidogo cha bati au kibandiko chenye namba za wati. Tuseme ni jiko la pleti nne na oveni chini yake, na kibao kinasema wati 7,000. Gawanya kwa volti 230. Unapata ampea 30 na ushee, yaani kiasi cha umeme unaopita kwenye waya. Kama ampea hazikuambii kitu, fikiria taa ya LED ya wati 10. Jiko hilo likifunguliwa lote ni taa 700 zinazowaka kwa wakati mmoja kupitia waya mmoja.

Sasa turudi kwa waliojenga fleti hizi. Jikoni walitegemea nini? Taa ya dari, soketi ya friji, labda na soketi ya birika. Wakatandaza waya wa 2.5, ambao kwa kawaida hulindwa na breka, ile swichi inayoanguka na kukata umeme ukizidi, ya ampea 16 au 20. Hawakukosea. Waliupima waya kwa mzigo wa siku zao. Kosa ni letu sisi tunaoutwika mzigo wa leo, kisha tunashangaa ukuta unapotoa joto.

Hiyo 2.5 si upana wa waya, maana wengi hudhani hivyo. Ni eneo la shaba ukiukata waya na kuutazama usoni: milimita mraba 2.5. Kwa jiko la ampea 32 mara nyingi hesabu hutufikisha kwenye milimita mraba 6, na safari ikiwa ndefu au njia ikiwa ngumu, 10. Nasema njia ikiwa ngumu kwa sababu waya nao unahitaji kupumua. Ule uliopita wazi ukutani hupoa. Ule uliofunikwa na sufi ya kuzuia joto, au uliosongwa na wenzake sita ndani ya bomba moja, haupoi, kwa hiyo hubeba kidogo kuliko ule wa wazi hata kama unene ni uleule. Usikubali fundi anayechagua waya kabla hajaona utapita wapi.

Na jiko liwe na njia yake peke yake. Kutoka kwenye boksi la breka hadi kwenye jiko, bila soketi ya friji njiani, bila taa, bila kiungio kilichofukiwa kwenye plasta. Oveni ndogo za wati 3,000 kushuka chini huwa na plagi na hutumia kama ampea 13, hizo zinavumilika kwenye soketi nzima iliyopimwa. Lakini si kwenye ekstensheni. Kijana mmoja na mkewe walinipigia kwa sababu oveni yao ilikuwa inazima yenyewe. Ekstensheni ilikuwa imeviringishwa vizuri, imefungwa kwa kamba na kuwekwa nyuma ya kabati ili isionekane. Nilipoinyanyua haikufunguka. Mizunguko yote ilikuwa imeyeyukiana ikawa kitu kimoja kama bangili. Waya ulioviringishwa hauna pa kutolea joto lake, unajipikia mwenyewe.

Kabla ya kutoka kwenye mzigo, muulize msimamizi wa jengo: fleti yangu inaletewa ampea ngapi? Unaweza kuwa na waya mpya kabisa wa jiko, na fyuzi kuu ya fleti nzima ikawa ya ampea 40. Jiko likichukua 30 na hita ya maji ikachukua 13, mmeshapita. Ni kweli kwamba jiko halivuti nguvu yote muda wote, kwa sababu pleti zina kidhibiti joto kinachozima na kuwasha. Mafundi wa Uingereza wana kanuni ya kukadiria jambo hili kwa jiko la nyumbani: ampea 10 za kwanza unazihesabu zote, zinazobaki unachukua asilimia 30, na kama kuna soketi kwenye swichi ya jiko unaongeza 5. Jiko la ampea 30 linahesabiwa kama 16. Ni kanuni nzuri. Lakini ni makadirio ya mzigo, haimpi mtu ruhusa ya kuweka waya mwembamba kuliko breka yake. Na kama unanunua jiko la indaksheni, lile linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, uliza kama lina mpangilio wa kupunguza nguvu. Mengi yanao, na kwa jengo la zamani jambo hilo peke yake linaweza kukuokoa na kuvunja ukuta.

Sasa nije kwenye kile mnachokipitisha mikononi. Naona kimefika safu ya tatu. Hapa nitakaa kidogo, maana moto mwingi niliouona haukuanzia katikati ya waya. Ulianzia pale waya mmoja unapokutana na mwingine.

James Prescott Joule, Mwingereza, alitangaza mwaka 1841 jinsi umeme unavyopasha waya joto. Joto haliongezeki sawasawa na umeme, linaongezeka kwa kipeo cha pili. Umeme ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Umeme ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa. Shikeni hapo.

Skrubu haikukazwa sawasawa. Haijalegea sana, ukimwangalia waya utaona umeshikwa. Lakini pale wanapogusana shaba na chuma kuna ukinzani mdogo, yaani umeme unapita kwa shida, tuseme sehemu moja ya kumi ya omu, ambayo ndiyo kipimo cha ukinzani. Ukiwasha pleti moja kubwa unapitisha kama ampea 10. Pale kwenye skrubu panatoka wati 10 za joto. Hakuna anayejua. Mama anapika leo, anapika kesho, mwezi unapita. Kisha wageni wanakuja. Pleti zote nne zinafunguliwa, oveni nayo inafunguliwa, ampea zinakuwa 30. Hizo ni mara tatu ya zile 10, kwa hiyo joto ni mara tisa. Pale pale kwenye skrubu panatoka wati 90. Mnazikumbuka balbu za zamani za wati 100, zile za uzi? Nani alithubutu kuishika iliyowaka? Sasa chukua karibu joto lote la balbu ile ulifungie ndani ya kisanduku cha plastiki nyuma ya kabati la mbao, uliache humo kwa muda wa saa tatu huku wageni wanazungumza sebuleni.

Na halitulii hapo. Shaba ikipata joto inatanuka, ikipoa inasinyaa. Kila upishi ni kutanuka na kusinyaa. Skrubu inazidi kulegea, uso wa shaba unaota utando, ukinzani unapanda, joto linapanda tena. Ugonjwa huu hautibiwi na kungoja.

Ile familia ya miezi minane hawakuniita kwa sababu ya moto. Mama mwenye nyumba alisema, "Fundi, jikoni kwangu kunanuka samaki na sijapika samaki." Walikuwa wameosha friji mara mbili, wamemwaga taka, wamesugua sinki. Nilipanda ngazi nikiwa na wasiwasi tayari, kwa sababu plastiki za soketi na swichi zikipata joto kali hutoa harufu hiyohiyo. Nikakata umeme, nikatoa droo, nikakuta hiyo konekta. Fundi aliyepita alileta waya mzuri wa 6 kutoka kwenye jiko, akaukutanisha na waya wa zamani wa 2.5 uliotoka ukutani, akazungusha tepe nyeusi juu. Nusu ya barabara pana, nusu kichochoro. Na siku ile ya kwanza jiko liliwaka! Wote walifurahi. Yule mama aliponiona nimeshika kitu hicho alikaa chini sakafuni, akawaita wanawe mmoja mmoja kwa majina.

Harufu ya samaki bila samaki, soketi yenye doa la kahawia, swichi yenye uvuguvugu, taa zinazofifia pleti ikiwashwa, mlio mdogo kama wa kitu kinachokaanga nyuma ya ukuta. Ukikutana na lolote kati ya hayo, zima kwenye breka usiku huohuo. Usiseme kesho.

Wenye nyaya za alumini, nanyi nisikilizeni. Nchini Marekani, kati ya takriban 1965 na 1973, nyumba nyingi ziliwekewa nyaya za alumini kwa sababu shaba ilikuwa ghali, na majengo ya nchi nyingine yanazo pia. Alumini ni laini, hukimbia taratibu chini ya skrubu, na uso wake huota utando usiopitisha umeme. Rangi yake ni ya fedha, haina wekundu wa shaba. Ukiikuta, usimruhusu mtu aisokote pamoja na shaba. Zipo konekta zilizotengenezwa kwa ajili ya ndoa hiyo, na anayezijua ni fundi mwenye uzoefu nazo.

Tuje kwenye breka na fyuzi, na hapa sitachukua muda mrefu, maana jambo lenyewe ni fupi. Breka iko pale kuulinda waya, si jiko. Mzee mmoja, mtu mwema kabisa, fyuzi yake ya jiko ilikuwa inakatika kila jioni. Akaibadilisha. Ikakatika. Akachukua waya mnene wa shaba akaufunga mahali pa ule uzi mwembamba wa fyuzi, na tangu hapo haikukatika tena. Aliniambia kwa furaha, "Nimelimaliza tatizo." Ndugu zangu, alikuwa amemnyamazisha mlinzi aliyekuwa anapiga kelele kwamba kuna moto. Tulipopasua plasta, ganda la waya lilikuwa limekauka kama gome. Ukiligusa linabanduka na kuacha shaba tupu. Nyaya za zamani sana zina ganda la mpira lililofunikwa kitambaa, nazo hazihitaji hata kosa lako ili zikauke, umri peke yake unatosha. Breka ikianguka mara kwa mara, usinunue kubwa zaidi. Uliza kwa nini inaanguka.

Sasa ethi. Naomba mniangalie.

Jiko ni sanduku la chuma. Mikono iliyolowa inaligusa mara mia kwa siku, na hatua moja kutoka hapo kuna bomba la maji, nalo pia mara nyingi ni la chuma. Waya wa ethi, wa kijani na njano, kazi yake ni hii: umeme ukigusa mwili wa jiko, upate njia nene na fupi ya kurudi, breka ianguke papo hapo kabla haujakufikia wewe. Ethi isipokuwepo, njia inakuwa ni wewe. Na hauhitajiki umeme mwingi. Miliampea 30, yaani sehemu ndogo sana ya umeme wa jiko, zinatosha kukaza misuli ya mkono ushindwe kuachia.

Sasa, majengo mengi ya zamani yana nyaya mbili tu ukutani. Ya tatu haipo. Je, fundi hufanya nini? Fundi mwaminifu anakwambia lazima tulete waya mpya. Fundi wa haraka anachukua kipande kifupi, anaunganisha ethi ya jiko na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, palepale kwenye soketi. Ukipima, vipimo vinapendeza. Jiko linawaka. Mama mmoja jirani yangu alikuwa anasema jiko lake "linamtekenya" akiligusa huku mkono mwingine ukiwa kwenye bomba. Alikuwa ameanza kuvaa ndala za mpira akipika. Nilipofungua nilikuta kile kipande kifupi, na ile nyutro ya zamani ilikuwa imebakiwa na nyuzi mbili tatu tu za shaba. Zile nyuzi zingekatika, mwili mzima wa jiko, mlango, vishikio, mpaka miguu, ungekuwa na volti 230, na hakuna breka ya kawaida ambayo ingeanguka. Alikuwa na mjukuu anayejifunza kutembea kwa kushika mlango wa oveni.

Kama jiko linakutekenya, usilizoee. Usivae ndala. Zima.

Iwepo pia breka ya uvujaji, ile yenye kitufe cha kujaribia. Inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata. Kuna jambo moja huwafanya watu waichukie. Ndani ya koili za oveni, zile fimbo zinazopata joto, kuna unga wa oksidi ya magnesi, nao hunyonya unyevu hewani. Oveni iliyokaa miezi bila kazi inaweza kuiangusha breka hiyo ukiiwasha. Dawa ni fundi apime koili, aikaushe au aibadilishe. Kuiondoa breka si dawa.

Kuhusu rangi, niwaambie la kwangu. Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wangu wa ufundi, Mungu amrehemu, alinituma nifungue swichi ya jiko. Nikaona waya mweusi, nikasema moyoni mweusi ni nyutro, nikanyoosha vidole. Aliudaka mkono wangu hewani. Akaweka kipimo: waya ulikuwa na umeme kamili. Uingereza, kwa mfano, laivu, yaani waya unaoleta umeme, ilikuwa nyekundu na nyutro nyeusi. Tangu 2004 wakaanza kutumia kahawia na bluu, na kuanzia 2006 kazi mpya zote zikawa hivyo. Katika mpango huo mpya, kwenye fezi tatu, yaani pale umeme unapoletwa kwa laivu tatu badala ya moja, mweusi ni laivu! Rangi ileile, maana kinyume. Na katika jengo la miaka hamsini wamepita mafundi wangapi, kila mmoja na waya aliokuwa nao mfukoni? Umeme hausomi rangi. Kipimo ndicho kinachosema. Tena fundi akijaribishe kipimo chake mahali penye umeme kwanza, apime waya, halafu akijaribishe tena, maana kipimo kibovu nacho husema "salama".

Nyuma ya majiko mengi utakuta vishikio vitano au sita na vipande vidogo vya shaba vya kuunganishia, na mchoro kwenye kifuniko. Fleti yenye fezi moja hupangwa hivi, yenye fezi tatu hupangwa vile. Kipande kimoja kikikaa pasipo pake, koili za volti 230 zinapewa 400. Kwa hiyo fundi asiyesoma mchoro, mrudishe hata kama amekuja na sifa.

Naye akimaliza, asikwambie limewaka. Unajua sasa. Mwambie apime ethi mbele yako, apime ganda la waya kwa volti 500, akuonyeshe namba. Swichi ya kukatia jiko iwe karibu lakini si juu ya pleti, ili siku mafuta yakishika moto usilazimike kupitisha mkono juu ya mwali. Piga picha ya viungio kabla hajafunika. Kama palikuwa na jiko la gesi, bomba lake lizibwe na mtu wa gesi, si kwa gazeti na tepe.

Mkirudi nyumbani usiku huu, fanyeni jambo hili. Tazameni kwanza swichi au soketi ya jiko. Kama ina ufa au doa, msiiguse wala msiwashe jiko, zimeni kwenye breka. Kama ni nzima, wekeni sufuria za maji kwenye pleti mbili, ziwashwe dakika ishirini, kisha zimeni. Kwa mkono mkavu, upande wa nyuma wa vidole, guseni ile plastiki. Ikiwa imepoa kama ukuta, lala, na fundi aje kukagua kwa nafasi. Ikiwa na joto, angusha breka ya jiko na usiirudishe mpaka afike.

Sasa maswali. Naona mkono kule nyuma, mama mwenye mtandio wa bluu. Na aliyeshika ile konekta, naomba umpitishie kwanza huyo mama aione, kisha aulize.